Kisanduku Kinachosikiliza Daraja Letu

Igowole, Mufindi
Februari 1977

Ndugu Mhariri,

Kabla ya malalamiko nakiri kwako wewe tu jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba yangu, Mzee Saulo, mgonga boliti wa daraja la chuma la kijiji chetu, hasikii. Misumeno ya kiwanda cha mbao ilimmaliza masikio. Tangu nikiwa darasa la sita, na sasa nimemaliza la saba, anayesikiliza ni mimi. Yeye hugonga kwa nyundo, mimi nasimama karibu naye, ndoo ya maji kichwani. Boliti iliyokaza hulia ngii. Iliyolegea husema "kwa!" kama debe bovu, nami naitua ndoo. Baba akiona hivyo anachukua spana. Watu husema binti Saulo mvivu, kila hatua anapumzika.

Sasa Mtaalamu mmoja kutoka mjini ameleta kisanduku chenye taa nyekundu ya kuwaka boliti ikilegea, kinachojifunza sauti za boliti kama mwanafunzi. Mwenyekiti wa kijiji, Jailos, amesema kikifaulu, baba atapumzishwa, na nyumba ya mgonga boliti tuiache.

Nalalamika hivi:

1. Mimi nilijifunza kwenye baridi ya kupasua midomo. Mwanafunzi huyu alikuja kwa Landrova, akafunikwa blanketi asipate umande. Blanketi lenyewe ni letu.

2. Kimefundishwa uongo. Mwenyekiti aliposikia Mtaalamu anakuja, alipiga kelele: "Mgeni asikute hata boliti moja imelegea, atatuona wavivu!" Kijiji kizima kikashika spana, kama tunavyofagia uwanja wageni wakija. Basi kisanduku kikasikilizishwa boliti mia mbili na arobaini, zote zimekaza. Ni sawa na kumfundisha mtoto kumjua mbuzi mgonjwa kwa kumwonyesha wazima tu.

3. Kwa elimu hiyohiyo naomba niteuliwe mganga wa wilaya, maana nimeona watu wengi wenye afya. Mdogo wangu Esta awe bwana jela. Hajawahi kumwona mwizi. Na Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuliona kosa lake, awe hakimu.

4. Hapo hupita malori ya mahindi na watoto wa shule. Kisanduku kikikosea, hakina ndugu wa kukiombea radhi msibani.

Kirudishwe kilikotoka. Ningeyasema haya mkutanini, lakini mbele ya wazee mimi huishia kugawa maji.

Wasalimie wapiga chapa wote, hata yule anayekosea majina ya vijiji vyetu.

Ni mimi,
Damari binti Saulo

Naongeza: Leo, kabla sijafunga bahasha, taa iliwaka kwenye boliti moja. Nilicheka moyoni. Baba akagonga, nikasikia ngii safi kabisa, ndoo ikabaki kichwani. Mtaalamu akaizungusha nati yake kwa vidole viwili, kumbe imelegea. Anasema kisanduku kinazijua zilizokaza tu, ndiyo maana chochote kigeni kwake kinakishtua. Lori lilikuwa limesimama ng'ambo likisubiri kupita.

Baba alinitazama, kisha akawaambia watu kwamba masikio yake yamezeeka, yeye ndiye aliyekosea. Ndugu Mhariri, usiichapishe barua hii. Nakuomba usimwambie mtu masikio yale yalikuwa ya nani.