Waya wa Omaido na Harusi ya Zulaika

Jumatatu, 6 Juni 1977. Tororo.

Zimebaki siku kumi na tatu! Zulaika wangu, kifungua mimba, anaolewa Jumapili tarehe 19, Busia ya Kenya, kuvuka mpaka, nyumbani kwa shangazi yake. Mimi ndiye baba. Mimi ndiye walii. Mimi ndiye wa kutamka mbele ya sheikh kwamba nimemwoza. Shida ni tumbo. Askari wetu wa mpakani wanawatoa wanene kwenye foleni. Wanasema sukari haipo madukani, basi imo humo tumboni. Mwezi jana walitoa watatu. Wawili walirudi. Wa tatu, mkewe bado anaulizia.

Ndugu yangu Muzafaru, mwembamba kama sindano, kaja kunipa pole. Eti nisihangaike, atamwoza mtoto kwa niaba yangu. Pole gani hiyo, inakuja na kanzu mpya iliyopigwa pasi? Hapana! Nitapungua.

Jumanne, 7 Juni.

Nimekwenda kwa Daktari Othieno. Mashallah, mtu yule! Kasoma ng'ambo, glavu anafua mwenyewe na kuzianika dirishani, na bado anampokea mgonjwa kama mgeni wa Idi. Nikamwambia anikate tumbo. Hakucheka. Akachukua karatasi, akanichorea.

Ng'ambo, anasema, wana njia tatu. Ya kwanza, utumbo wa juu unaungwa karibu na mwisho wake, chakula kinapita njia ya mkato, mwili haukifaidi. Mtu anapungua sana, ila anashinda chooni, na ini na figo vinaweza kuharibika. Ya pili, wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kama yai, wanakiunga na utumbo. Tonge mbili umeshiba. Ya tatu si ya kisu: meno ya juu na ya chini yanafungwa waya, mtu anakunywa kwa mrija tu. Waya ukitoka, unene hurudi. Zote ni kazi ya miezi, zina hatari zake, na yeye hata dawa ya usingizi hana. Kanishauri nipunguze posho, huu ugali wetu, nitembee.

Mchoro ni mzuri ajabu. Nimeuomba, nimeutundika chumbani. Mke wangu Habibah kauliza kama ndiyo barabara ya Kisumu.

Alhamisi, 9 Juni.

Waya! Si alisema si ya kisu? Nimekwenda kwa Omaido, fundi baiskeli wa sokoni. Alikataa kabisa, akasema yeye anashughulika na vitu visivyo na damu. Nikamkumbusha nani alimpa kazi ya magurudumu yote ya mikokoteni yangu. Akafungua redio mbovu, akatoa waya wa shaba, akauchemsha.

Ana mikono, huyu bwana! Kafunga meno kumi na mawili, kakata ncha, kazisugua kwa tupa zisinichome. Kisha kwa mazoea ya magurudumu akanigonga shavu, akasikiliza kama nimekazwa sawasawa.

Habibah aliponiona alikaa chini, akalia, akacheka, akalia tena.

Jumatatu, 13 Juni.

Siongei. Naandika kwenye kibao. Muzafaru kauliza kulikoni, nimemwandikia: nafunga kwa ajili ya mtoto. Kaniangalia kwa heshima. Raha iliyoje!

Na Habibah, mke wa kupigiwa mfano. Uji wa karanga, maziwa, supu ya kongoro, tena uji. Anaogopa nisije nikafa njaa. Nazunguka na mrija mfukoni.

Alhamisi, 16 Juni.

Nimepanda mizani ya kupimia pamba ghalani. Nimeongezeka kilo tatu! Karani kapima mara mbili. Mizani ya pamba inajulikana kwa uongo. Habibah kasema nikakate waya. Nimeandika: subira.

Jumapili, 19 Juni, alasiri. Busia.



Mpakani askari kaniona kabla sijafika. "Wewe, mafuta mingi! Nakwenda wapi?" Nikasema mmm; kibao nilikisahau Tororo. Kauliza tena. Mmm. Akadhani namdharau, akaninyooshea bunduki kwenye kitovu. Shahada nikaisoma moyoni, maana mdomoni haikutoka.

Habibah akajitosa katikati yetu. Akamwambia, baba, mtu wangu ana matubwitubwi, ona mashavu, nampeleka kwa dakitari. Yanaambukiza kwa pumzi, na kwa mwanamume yanashuka mpaka kule chini, ndiyo basi tena watoto. Askari akaruka nyuma hatua tatu! Akatupungia twende upesi. Ee Mola, umenipa simba jike, nami miaka yote namlalamikia chumvi.

Nikaingia harusini kifua mbele. Sheikh akanigeukia: haya, mzee, mwoze binti yako. Mmm. Koleo likatafutwa nyumba tatu, halikupatikana, na sheikh alikuwa na harusi nyingine. Nikaonyesha kwa kichwa nimempa idhini Muzafaru, aliyevuka kabla yetu. Akatamka yeye. Akatamka vizuri, kwa sauti tulivu, bila kukwama. Jina la mwanangu limetoka kinywani mwa mwingine, nami nimekaa pale na waya wangu. Nimelia. Nililitaka mno neno lile.

Koleo limefika na pilau. Nimekula sahani tatu.

Jumanne, 28 Juni. Tororo.

Barua ya posa! Mdogo wake Zulaika, Hajara, anaolewa Desemba, huko huko Kenya. Nimekaa nikafikiri sana. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Mpango ulikuwa safi, waya ulikuwa safi, ila ulifungwa mdomo usio wenyewe.

Leo nimemwalika Muzafaru chai. Nimemtazama tumbo kwa muda mrefu, nikatikisa kichwa, nikamwambia kwa huruma ya ndugu kwamba ameanza kunenepa, na askari hawachelewi kuona. Kashtuka. Kajishika ubavu. Kaniuliza yule fundi wangu anapatikana saa ngapi.