Watoro wa Siku ya Makaburi

Jumatatu asubuhi Mzee Tofu, anayeuza jibini la soya kwa pikipiki, alifika kwenye meza yetu ya chai, pale nje ya duka la misumari mjini Douliu, akiwa na sura ya mtu aliyeibiwa soya.

"Mmesikia? Maktaba inataka kuifunga barua ya Mwalimu!"

Barua yenyewe ni habari za mtaa wetu, ambazo Mwalimu Siok-hun huziandika na kuzituma kwa barua pepe kila Ijumaa kupitia maktaba ya mji tangu astaafu. Nani kafiwa, nani kafungua mgahawa, mbwa wa nani kapotea.

"Wasomaji waliojisajili wasipofika mia tatu kufikia Ijumaa, basi," Mwalimu mwenyewe alisema, akimimina chai bila kututazama. "Wapo arobaini na mmoja."

"Pamoja na mimi?" niliuliza.

"Wewe Spana hujajisajili."

Nikazishughulikia karanga zangu.

"Usijali, baba," Mwalimu akaniambia. "Hata binti yangu wa Osaka hajajisajili. Wa kwanza darasani kila mwaka, leo kubonyeza kitufe kimoja kunamshinda."

Bi Karaoke, ambaye akiimba mbwa wa mtaa mzima huitikia, akagonga meza. "Tuisambaze! Makundi ya familia si tunayo kwenye simu? Mimi peke yangu ninayo kumi na manne."

"Kizuri chajiuza," Tofu akasema.

"Ehe! Na hicho kipaza sauti kwenye pikipiki yako kila alfajiri kinatangaza nini, hali ya hewa?"

Tofu akanywa chai.

Basi tukasambaza kama tunavyojua sisi wazee. Picha ya ua la yungiyungi, maandishi mekundu makubwa: Asubuhi njema, kunywa maji, jisajili barua ya Mwalimu. Jumatano tukakutana kuhesabu.

"Arobaini na wawili," alisema Mwalimu.

"Huyo aliyeongezeka ni mimi," nikasema, kifua mbele.

"Acheni kamba!" Bi Karaoke akaruka. "Nimetuma mara themanini!"

"Wajukuu wamekuzima sauti, dada," Tofu akamwambia. "Wangu kanionyesha mwenyewe. Eti, babu, maua yako yananijazia simu."

"Mdomo huo kautoa wapi?"

"Kwa bibi yake, apumzike kwa amani."

Mwalimu alicheka, kisha akaweka kikombe chini. "Mmejitahidi, jamani. Ila barua hiyo ndiyo inayonitoa kitandani."

Iliniuma sana. Mama huyu kaifundisha nusu ya mji kusoma, na nusu hiyohiyo haimsomi.

"Hawa watoto wanaogopa nini?" Bi Karaoke akauliza.

"Makaburi," nikajibu kwa hasira. Wiki iliyopita, kwenye siku ya makaburi ya kila mwaka, tulikwenda kusafisha makaburi ya wazee wetu, na vijana wetu walioko mji mkuu, Taipei, karibu wote walipatwa na kazi ya dharura siku hiyohiyo. Mwanangu Tsun-hong akiwemo. Nilifyeka majani peke yangu na mgongo huu mbovu.

Bi Karaoke alinitazama, akatabasamu, akachukua simu. Akawa anaandika huku akisoma kwa sauti: "Ijumaa hii, kwenye barua ya Mwalimu: orodha kamili ya watoro wa siku ya makaburi, jina kwa jina, pamoja na visingizio vyao!"

"Hiyo kiki!" nikapiga makofi.

"Mimi sina orodha yoyote!" Mwalimu akapiga kelele.

"Lisemwalo lipo," akasema Bi Karaoke.

"Na kama halipo, laja," Tofu akamalizia, naye keshaituma kwa ukoo mzima. Safari hii hakuna aliyeweka ua.

Saa sita mchana walikuwa mia na kumi. Alhamisi jioni, mia tatu themanini na tisa.

"Mbona hata waliokuja makaburini wamejisajili?" nikashangaa.

"Wanataka kuwacheka ambao hawakuja," akasema Tofu.

Ijumaa barua ikatoka tukiwa mezani. Juu kabisa Mwalimu alikuwa ameandika: "Orodha sikuiandika. Mnajijua wenyewe, na namba za wazazi wenu mnazo."

Hata sijamaliza kusoma, simu yangu ikalia.

"Baba, ile siku kweli kulikuwa na kazi..."

Simu ya Tofu ikalia. Za Bi Karaoke zikalia zote mbili, akawa anagombeza huku na huku. Kila mmoja akainuka na mwanawe sikioni, na kijiwe kikavunjika chai ikiwa bado ya moto.

Mwalimu alibaki peke yake akikusanya vikombe. Nilikuwa sijafika mbali niliposikia simu yake nayo ikiita, na sauti ya binti wa Osaka ikitoka kwa nguvu mpaka barabarani.

"Mama, najua hujaandika orodha. Lakini ungeiandika, mimi ningekuwa wa ngapi?"

Mwalimu akaketi tena, akajimiminia chai.

"Wa kwanza, mwanangu. Kama darasani."