Saa Nane Kamili

Jumanne, 15 Agosti 1989

Bwana Shitanda, msimamizi wa ukumbi, ametangaza mashindano. Jumamosi ukumbi ni wangu. Jumapili ni wa Zadock. Atakayeujaza zaidi atapewa maonyesho yote ya Desemba. Zadock akasema mbele za watu kwamba mimi, Dalmas, siwezi kujaza hata kikapu. Zadock! Mtu niliyemfundisha mimi kushika kipaza sauti. Siku hizi ana pikapu yenye spika mbili, basi anajiona waziri.

Lornah, mke wangu, anasema nikikosa Desemba nitakwenda Muhoroni kukata miwa na kaka yake Gordon. Ameshaninunulia panga. Sikati mua hata mmoja. Mimi ni mtu wa burudani.

Jumatano, 16 Agosti

Nimepata! Zadock ataleta bendi moja na watu wa aina moja. Mimi nitaleta Kisumu nzima. Kwaya ya Mama Dorca. Kundi la Mzee Kartar, yule wa duka la vipuri, linaloimba nyimbo za sinema za Kihindi. Na bendi ya benga kutoka Nyalenda. Hakuna niliyemwambia habari za wenzake. Mama Dorca ameshasema kanisani kwamba hawezi kukaa chini ya bati moja na benga.

Mabango ni matatu, kila kundi na lake, na yote yanasema saa nane kamili. Aliyeyaandika ameniuliza kama nina akili. Ninazo. Mji huu nimeusoma. Ukiandika saa nane, kwaya hufika saa tisa, familia za Kihindi hufika saa kumi na moja zikishafunga maduka, na benga hufika jua likizama. Watapishana mlangoni kama zamu za kiwandani. Ratiba ni ya waoga.

Ijumaa, 18 Agosti

Zadock amezunguka mji mzima akitangaza kwamba kesho ukumbini watakuwepo popo na mimi. Damu imenichemka. Nimekwenda kanisani, madukani na Nyalenda, na Gordon nimempelekea ujumbe kwa dereva wa lori la miwa. Kote nimenong'ona siri moja: viti ni vichache, atakayechelewa atasimama nje.

Lornah akauliza kama sasa watu wote hawatawahi. Nikamwambia aniachie biashara yangu.

Jumamosi, 19 Agosti

Saa saba na nusu walikuwa wamefika. Wote. Kwa mara ya kwanza tangu Uhuru, Kisumu imewahi. Kwaya na majoho meupe. Mzee Kartar na familia kumi na mbili, na masufuria yao ya chakula. Benga na ngoma zao. Halafu trekta kutoka Muhoroni, trela limejaa watu mahali pa miwa, Gordon juu kabisa.

Mama Dorca aliniuliza hii ni nini. Nikajibu kwamba ni umoja. Akauliza ni umoja gani huu unaonuka chang'aa. Nikasema ngoja nikaangalie taa za nyuma, nikajifungia chooni.

Humo nikasikia kwaya ikianza. Ubeti wa pili, Gordon akaisimamisha! Alitupa sarafu jukwaani akaanza pakruok, ile desturi ya kwenye benga: unasimamisha muziki, unajisifu, kisha muziki unaendelea. Alisema yeye ni dume la Muhoroni, mua ukimwona unalala wenyewe. Nikasubiri kusikia kofi. Badala yake nikasikia sarafu nyingine. Mama Dorca akasema yeye ni binti wa Kano, mama wa walimu wanne, na mua uliolala hauna sukari. Ukumbi ukalipuka. Mzee Kartar naye akasimama, akasema kwa Kijaluo kilichonyooka kuliko changu kwamba yeye ni mtoto wa Kisumu, na bila boliti zake trekta la Gordon lingevutwa na punda.

Kwa saa tatu nzima hakuna wimbo uliofika mwisho. Waliokosa viti walikalia madirisha. Nilikuwa najipangusa jasho nitoke, nikasikia sauti ninayoijua. Zadock, aliyekuja kupeleleza, alitupa sarafu akasema yeye ndiye baba wa onyesho hili, aliyeoanisha kanisa na benga. Wakampigia makofi mpaka bati likatetemeka. Nikavuta komeo. Likabaki mkononi mwangu, mlango ukabaki umefungwa.

Jumapili, 20 Agosti

Desemba amepewa Zadock. Nilimwambia Bwana Shitanda kwamba onyesho la jana ni langu, na leo la Zadock lina watu tisa kwa sababu mji mzima umekauka sauti. Akaniuliza nilikuwa wapi jana. Nikamwambia ukweli. Akasema mtu wa maonyesho huonekana. Mama Dorca naye ameapa kwamba baba wa onyesho alimwona kwa macho yake.

Nimeumia. Makofi yale yalikuwa yangu.

Jumanne, 22 Agosti

Lornah alinipandisha gari la Muhoroni, akapunga mkono. Nikashuka kabla halijaondoka. Naandika haya Luanda Kotieno, nikiitazama feri ya kwenda Mbita. Ukumbi una mlango, ndiyo kasoro yake. Majini hakuna wa kutoka katikati ya wimbo. Desemba nitaweka kwaya mbele, benga nyuma, nyimbo za sinema juu. Nimeshayaandikia makundi yote matatu barua. Kila kundi nimeliahidi kwamba feri ni yake peke yake.