Mushike Kuume: Ufunguzi wa Njia ya Velo ya Dzaleka

(Mikro inapiga filimbi. Presida anakohoa ndani yake mara ya kwanza, halafu mara ya pili kwa heshima.)

Muheshimiwa muwakilishi wa wafadhili, ambaye kiti chake njo hiki hapa mbele yenu, na ambaye angefika kama tungemualika, baheshimiwa bachungaji ba makanisa yote, ya hema na ya matofali, bamama bashonaji, vijana ba kabaza munaobeba bantu kwa velo, hizi baiskeli zenu, mpaka magoti yanalia, bandugu bote ba Uvira, Fizi na Bukavu, wakimbizi wenzangu wa hii kambi ya Dzaleka, bale ba vita ya kwanza na nyinyi ba hii ya pili ambao bado munafika na mizigo kichwani, na mimi mwenyewe, Aristote, Presida wa Komite ya Njia ya Miguu na Velo, zamani shefu wa biro ya barabara kule Bukavu: protokoli yote imeheshimiwa. Komite oyé! (Oyé ya watu wane, wote ba komite.)

Bantu banauliza: Presida, muji unapangaka namna gani bajeti ya mutu anayetembea kwa miguu? Swali nzuri sana. Mimi na komite yangu tulishuka Lilongwe kwa wokshopu, tukakaa hoteli juma nzima, tukala wali na kuku, kwani nsima, ule ugali wa huku, inaletaka usingizi na mutaalamu hapaswi kusinzia, na tukajifunza hivi: muji wa kisasa unatoa kwanza sehemu ya gari kupita, halafu sehemu ya gari kusimama, halafu sehemu ya taa za kuambia gari ipite ao isimame, na kile kinachobaki, kikibaki, njo cha miguu. (Mutu mumoja nyuma: "Na kisipobaki?") Asante. Kisipobaki, kinaitwa awamu ya pili.

Lakini sisi hatukuiga bure, hapana, sisi tulianzia miguu! Nusu ya bajeti ilienda kwa fizibiliti, ni kusema kuchunguza kama bantu banatembeaka kweli. Tulikodi pikapu. Kuna mwenye alisema, mbona musitembee tu mujionee? Baba yangu! Mutaalamu akitembea, anakuwa upande mumoja na watembea kwa miguu, na mutaalamu hapaswi kuwa na upande. Tulikaa ndani, tukafunga vioo juu ya vumbi, na matokeo ninayo: asilimia tisini na nane ya bantu banaotembea kwa miguu banatumia miguu. (Kicheko.) Musicheke, hiyo ni sayansi. Ile mbili inayobaki bado tunaichunguza.

Nusu ya pili ilienda kwa sensibilizasio, ni kusema fundisho, ile munaikumbuka wote: Mushike Kuume! Kijitabu niliandika mwenyewe, kutoka kichwani, bila kusumbua mutu, namna tulikuwa tunafanya Bukavu: velo ishike mukono wa kuume, gari itakuja nyuma yako polepole, na Mungu atakuchunga. (Mama Béatrice, mushonaji wa karibu na soko, anasimama: "Presida, huku Malawi gari zinapita kushoto! Hata mutoto anajua! Eliezer wangu alishika kuume namna mulimufundisha, lori ikamukuta uso kwa uso!" Makelele. "Sema, mama!")

Mama Béatrice, kaa, mama yangu, tunaheshimu uchungu wako. Bwana yako tunamujua wote, njo yule amekaa kule nyuma na fimbo: kabaza wa mfano, mwanafunzi wa kwanza wa fundisho letu, tulimupa hata cheti. Mi mwenyewe nilimutembelea hospitali, sikuenda mikono mitupu, nilimupelekea kijitabu kingine. Na nimesikia kesho anarudi barabarani na ule mguu, kwa sababu batoto habakule cheti. (Béatrice: "Njo nauliza! Kesho atapita wapi? Nionyeshe njia!") Nitakuonyesha, tulia kwanza. Juu ya hii mambo ya kuume na kushoto, komite ilikaa, ikakubali kwamba kweli iko tofauti kidogo ya kitaalamu kati ya hizi nchi mbili. Lakini vijitabu vilikuwa vimekwisha kutoka kwa mashini, vya rangi, karatasi ya kung'aa, na kusahihisha hakukuwa ndani ya bajeti. Tukaona barabara njo izoee. ("Ayiii!")

Sasa, njia. Njia ya velo na miguu, tangu hapa Dzaleka mpaka Lumbadzi, upana wa velo mbili na mama mwenye ndoo, pamoja na vivuli na daraja, imejadiliwa, imepitishwa, imepigiwa makofi Lilongwe. Mama Béatrice, ule mukasi wako tuliazima ninao hapa, nakata utepe. Munaona miti miwili na utepe mwekundu. Nyuma ya utepe munaona majani, na mbuzi. Ule mbuzi si wa komite.

Ninashukuru wafadhili kwa kuahidi kufikiria. Ninashukuru Lilongwe kwa kuku. Ninashukuru haya majani kwa kutuchungia nafasi ya njia mpaka leo, maana hakuna jembe lililoyagusa, na jembe lenyewe halikununuliwa. Na zaidi ya wote ninashukuru Eliezer, maana bila mguu wake tungekosa sababu ya kuomba awamu ya pili. Zikomo kwambiri, asanteni sana! Njia oyé! (Hakuna oyé.) Tupige ban ya heshima, makofi ya pamoja! (Hakuna anayepiga. Béatrice anachukua mukasi wake katika mukono wa Presida, utepe mzima vilevile, na anasema kwa nguvu: "Eliezer, kesho ushike kushoto. Unasikia? Kushoto. Kile cheti nitawashia makaa." Vijana ba kabaza: "Kushoto!" Watu wanasimama.)

Bantu yangu, munaenda wapi? Sukre bado, soda hazijagawiwa! Na tazama, bote wanashika kushoto, bamama, bachungaji, hata katibu wangu! Fundisho lote limepotea! (Uwanja umebaki na viti. Presida anapanda pikapu na kugeukia dereva wake. Mikro bado inafanya kazi.) Norbert, washa, twende. Polepole. Eh! Shika kushoto, we! Unataka kuniua?