Mawe ya Kinyonga, Matope ya Wakwe

Kitengela,
Alhamisi asubuhi.

Kwa Mheshimiwa Baba Evalyne,
Mlezi Mkuu wa Kinyonga,

Salamu kwa heshima zote. Barua hii naibandika kwenye kizimba cha kinyonga kwa sababu ndipo mahali pekee unapopatazama siku hizi.

Kama unavyojua, au ulivyojua kabla mnyama huyo hajatoka kwenye sukuma wiki zangu akawa kitinda mimba wetu, wazazi wa Felix wanatoka Illasit Jumamosi kwa mazungumzo ya mahari ya binti yetu. Mara ya kwanza walipokuja kujitambulisha, mvua ilikuwa imenyesha. Mjomba wa Felix aliacha kiatu kimoja kwenye huu udongo mweusi kati ya geti na mlango, akazungumzia mambo mazito ya ndoa akiwa na soksi. Waliondoka kabla ya chai ya pili. Wakizama tena, naogopa hakutakuwa na mara ya tatu, na Evalyne analia kila akiona wingu. Kwa hivyo nalalamika ifuatavyo:

1. Kwamba sufuria yangu ya githeri imekuwa ya kuchemshia mawe. Ulinieleza, nami nikasikiliza: kinyonga akirusha ulimi kunasa panzi juu ya udongo wa chungu cha maua kilicho kizimbani, anaweza kuumeza udongo ukamzibia tumbo. Basi ufunikwe kwa mawe laini, safi, makubwa kuliko kichwa chake, asije akayameza nayo. Sawa. Lakini githeri ya jana ilikuwa na jiwe, na meno yangu sasa ni ya kuhesabika.

2. Kwamba unapima kila jiwe kwa kichwa cha kinyonga, tena unaacha nafasi maji yapenye, mmea usioze. Wiki tatu, chungu kimoja! Nyumba hii uliijenga bila kupima hata dirisha.

3. Kwamba Jumatatu lori la kokoto nililoagiza za kumwaga njiani wakwe wasizame lilifika getini. Uliokota jiwe moja, ukapitisha kidole, ukamwambia dereva, "Hii iko na makali, itakata yeye miguu. Rudisha." Dereva akageuza lori. Miguu ya nani, Baba Evalyne?

4. Kwamba sasa naomba rasmi nisajiliwe kuwa kinyonga. Macho yangu tayari yanaangalia pande mbili, moja kwa wakwe na moja kwako. Ombi likikataliwa, mawe yote ya chungu yahamie njiani kabla ya Jumamosi, ama umbebe mjomba mgongoni kutoka getini. Ni mtu wa kilo mia.

Nisalimie Evalyne, kuku wote, na jirani yetu Fosiya ambaye bado anangoja ungo wake uliochekechea changarawe. Kinyonga pia, lakini shingo upande.

Wako ndani ya matope,
Waithera, Mama Evalyne.

Tanbihi: Baada ya kuandika haya nilianza kutoa mawe mwenyewe. Nilipofika la saba, kinyonga akarusha ulimi kwa panzi, akabaki na udongo mdomoni, akinitazama. Roho iliniuma. Asubuhi nzima nimemdondoshea maji mpaka mdomo ukatakata. Mawe nimeyarudisha yote, nikaongeza mawili ya kuchagua mwenyewe. Kisha nikampigia Mama Felix, nikamwambia ukweli wote na kwamba waje na gambuti. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Msichana amelelewa na watu wanachemshia kinyonga mawe, huyo ataweza kuvumilia Felix wangu." Wanakuja, na mjomba ameshanunua gambuti.

Githeri leo hakuna. Sufuria iko na mawe mengine, nachemsha mimi.