Laptopu Iliyolala na Blanketi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni manyoya mekundu. Yalikuwa yamechomoza kwenye vitundu vya chini vya laptopu, kama ndevu chache za mzee. Fred alikuwa ameilaza kifudifudi mezani, anaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Wengine hawakuyaona. Walikuwa wanagombana na redio.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa redio ya Mbeya ilimhoji kijana mmoja anayejiita Kipanga. Alijigamba kwamba kwenye gemu la mpira la kompyuta ameshawafunga wote kuanzia Uyole mpaka Mwanjelwa, na kesho anakuja Tukuyu kummaliza Fred wetu. Mtangazaji akamuuliza kama haogopi. Akajibu, "Niogope nini? Tukuyu hakuna wacheza gemu. Kuna wapanga ndizi tu."

"Wapanga ndizi!" Mzee Jotham alirusha mkono mpaka kahawa ikamwagika kwenye koti na mezani. "Gwe! Huyo mtoto ndizi kaila wapi kama si za kwetu?"

Mzee Jotham tunamwita Kibali. Alikuwa karani wa duka la ushirika zamani zile, ukitaka redio unaandikiwa kwanza kibali, na ukipewa kibali, redio hakuna.

"Ndizi siyo tatizo, mzee," Fred akasema. "Tatizo ni hii. Tumekubaliana naye, mwenyeji analeta mashine. Ikizima mechi ikiwa inaendelea, mwenyeji kafungwa tatu bila. Na hii inazima dakika ya tisa. Kila mechi! Naenda kupiga kona, giza."

"Kona zako zenyewe giza," akasema Muddy.

Fred ni mkulima wa viazi wa Isongole. Mpaka Jumatatu alikuwa na bodaboda. Jumatatu hiyo alimkabidhi Muddy funguo za pikipiki, Muddy akamkabidhi laptopu, ili afungue chumba cha gemu hapa Msasani ya Tukuyu. Tangu siku hiyo mama yake hamsemeshi. Anamwekea chakula mlangoni na kuondoka. Akifungwa kesho mbele ya mji mzima, chumba cha gemu atamfungulia nani?

Muddy naye tunamwita Dubai. Anauza laptopu za mitumba, na kila moja anasema ametoka nayo Dubai, ingawa sisi tunajua mwisho wa safari zake ni mpakani Tunduma.

"Mwanangu, mashine yangu haina kosa," alisema Dubai. "Hiyo imezaliwa jangwani, imezoea jua. Wewe umeipeleka Isongole, imepata nimonia."

"Jangwa lenyewe umeliona kwenye kalenda," akadakia Mwalimu Silabasi. Huyu anafundisha fizikia sekondari, aliletwa kutoka Singida, na baridi ya huku haijawahi kumzoea. Siku hiyo alikuwa na masweta mawili na kofia ya mtoto wake.

Dubai alifungua begi, akatoa laptopu nyingine, akaiweka mezani. Meza ililia. Ile ya Fred ilikuwa nyembamba, inawaka taa nyekundu chini ya vitufe. Hii ya pili ilikuwa nene, nyeusi tii, imechubuka kwenye kona, na nyuma ina matundu mawili kama pua ya ng'ombe.

"Nakupa nafasi moja, kwa sababu nakupenda," alisema. "Hii nikitoka kuswali naipeleka Kyimo kwa bwana mifugo. Ukitaka tubadilishane, sema kabla ya adhana. Utaniongezea viazi."

"Viazi kiasi gani?"

"Shamba."

Fred aliangalia ile nyembamba, akaangalia ile nene, akakuna kichwa. "Hii haina taa."

"Taa haifungi goli, bwana mdogo," akasema Silabasi. "Mashine ya gemu unaangalia kadi yake ya picha. Hiyo ndiyo inayochora wachezaji. Unaangalia na ramu, na unaangalia..."

"Uzito," akakatiza Mzee Jotham. "Mwalimu, usitusomeshe hapa. Redio nzuri ilikuwa haibebwi na mtu mmoja. Pelekeni kwenye mzani."

Mtasema ni masihara, lakini walikwenda. Jirani yetu ananunua viazi, ana mzani wa kuning'iniza. Walizifunga laptopu mbili kwenye mfuko wa rambo, moja baada ya nyingine, Mzee Jotham akisoma mshale kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi. Ile nene ilishinda. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake na gunia aliuliza hizo zinaliwa zikichemshwa au zikikaangwa.

Waliporudi Fred alikuwa amechanganyikiwa zaidi.

"Enzi zetu hakukuwa na shida hii," alisema Mzee Jotham, akikaa. "Redio ilikuwa aina moja. Rangi moja. Ulikuwa huchagui, ulikuwa unashukuru. Sasa mmepewa soko huria, mnalia."

"Mzee, na wewe redio yako ulipata?" akauliza Dubai.

"Nilikuwa karani! Ningekosaje?"

Walicheka mpaka shangazi yangu Mwanahalima akachungulia kutoka dukani. Kijiwe kipo kwenye baraza lake. Mimi kazi yangu ni kumimina kahawa na kuchaji simu za watu.

"Hebu tuipime hii yako hapa hapa kabla hujatoa shamba," akasema Silabasi. "Iwashe."

Fred aliiwasha. Gemu lilifunguka, wachezaji wakaanza kutembea uwanjani polepole, mikono nyuma.

"Wanakwenda mazishini?" akauliza Mzee Jotham.

"Inatumia betri," akasema Silabasi. "Mashine ya gemu ikiwa kwenye betri inabana matumizi. Chomeka chaja."

Nilichomoa simu tatu za watu kwenye soketi, nikawapa nafasi. Wachezaji wakaanza kukimbia. Laptopu nayo ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga.

"Sasa tuipunguzie mzigo. Nenda kwenye mipangilio. Ondoa mashabiki."

"Ticha! Niwaondoe mashabiki?"

"Unawalisha wewe? Kila shabiki inabidi mashine imchore. Ondoa na vivuli. Na hiyo mvua, ondoa."

"Mvua ndani ya gemu!" Dubai alipiga goti. "Mtu yuko Tukuyu, anawasha mvua nyingine! Ya nje haijakutosha?"

Fred aliondoa mvua, akaondoa vivuli, akaondoa mashabiki mmoja mmoja kwa uchungu. Uwanja ukabaki mtupu. Dakika ya tisa ikafika. Kioo kikawa cheusi.

Fred alitoa mikono mezani taratibu.

"Nimeitunza kuliko mtoto mchanga," alisema. "Isongole mnaujua unyevu wake, mpaka viatu vinaota ukungu. Kwa hiyo hii nalala nayo. Nikicheza naiweka kwenye godoro, naifunika blanketi letu jekundu pande zote, naacha kioo na pa kuweka vidole. Unyevu utaingilia wapi?"

"Hapo umefanya vizuri sana," akasema Mzee Jotham. "Redio yangu mke wangu aliifumia kitambaa. Iliimba miaka ishirini."

"Kabisa," akasema Dubai. "Kifaa kinataka joto."

Hata mwalimu wa fizikia alitikisa kichwa kukubali, akavuta sweta la juu likaribie masikio.

"Basi nichukue hiyo nene," Fred akasema. "Mama akiona na shamba limekwenda..." Hakumaliza. Alianza kuzungusha waya wa chaja.

Mezani palikuwa na kahawa ya Mzee Jotham iliyomwagika. Nilikwenda na kitambaa kupangusa. Ili nipanguse vizuri niliinua ile nyembamba, na tumbo lake lilikuwa la moto kuliko birika. Mimi nawasha jiko la mkaa kila alfajiri. Najua tundu la chini likizibwa na majivu kinatokea nini. Nilichomoa pini kwenye mtandio wangu, nikalinasa lile nyoya jekundu kwa ncha, nikavuta. Likaja. Likaendelea kuja. Lilitoka zima, refu, limeshikana kama mkia wa panya. Nikaliweka mezani, nikapangusa kahawa, nikachukua vikombe vinne vitupu nikavifudikiza na kuipandisha laptopu juu yake, kila kona kikombe, ili chini pakauke. Nikarudi kwenye birika.

Wanaume wanne waliliangalia lile fundo la manyoya.

"Mwe!" akasema Mzee Jotham.

"Ni kama nilivyokuwa nakaribia kusema," alisema Silabasi, akivua kofia. "Hewa! Feni inavuta hewa baridi kwa chini, inatoa ya moto kwa ubavuni. Ukiiweka kwenye godoro umeiziba pua. Ukaiongezea blanketi! Ikipata joto sana inajizima yenyewe isiungue. Hii ni fizikia ya kidato cha pili."

"Dakika tano zilizopita ulikuwa unatikisa kichwa kukubali, Ticha," akasema Fred.

"Nilikuwa nasikia baridi."

"Na hivyo vikombe," akasema Dubai, "ndivyo wanavyofanya Dubai. Vikombe vinne. Nilisahau tu kumwambia mteja."

Fred aliiwasha tena. Mara hii hapakuwa na kuvuma, ni pumzi ndogo tu ya moto iliyokuwa inatoka ubavuni. Silabasi akaiwekea viganja, akafumba macho kwa raha. Dakika ya tisa ikapita. Ya kumi. Ya ishirini. Dubai aliirudisha ile nene kwenye begi, huku akinung'unika kuhusu bwana mifugo. Fred alikuwa anatabasamu kama mtu aliyerudishiwa pikipiki bila kuidai.

Dakika ya ishirini na tatu kompyuta ikamfunga. Ya thelathini ikamfunga tena. Kipindi cha pili ikamfunga manne. Tulikuwa hatujawahi kuona mechi ya Fred ikifika mwisho, na sasa tukajua mwisho wake ukoje. Filimbi ililia, mashine ikiwa imetulia kabisa, inapumua vizuri, na kwenye kioo pameandikwa sita bila.

Mzee Jotham alikunywa kahawa yake yote kwanza.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "mgonjwa amepona. Sasa tumtibu dereva."

"Ilikuwa inamsitiri!" Dubai alikuwa ameshika mbavu. "Masikini mashine ya watu, kila ikiona aibu inakuja inajizima!"

"Cheka tu," Fred akasema. "Kipanga anaingia kesho saa nane. Nahitaji mtu wa kucheza naye mpaka jioni. Pedi za kuchezea ninazo mbili. Nani anakaa?"

Adhana ikalia. Dubai alikumbuka swala, halafu Kyimo. Silabasi alikumbuka vipindi viwili na daftari za kusahihisha. Mzee Jotham alisema vidole vyake vilizoea mihuri, akajitupia koti begani na kuondoka akiimba. Fred alibaki na pedi moja mkononi, ya pili mezani, anaangalia barabarani kama atapita mtu anayejua mpira.

Nilimmiminia kahawa.

"Asante, dada," alisema, macho yakiwa barabarani.

Nilirudi kukaa nyuma yake, nilipokuwa nimekaa mechi nzima. Sikusema kitu. Nasema sasa. Fred, beki wako wa kushoto anapanda harudi, na mabao yote sita yamepita hapo. Wewe kila ukipata mpira unakimbilia kulia, hata kompyuta imeshakuzoea. Nipe hiyo pedi ya pili. Nikufunge mimi leo, hapa barazani pasipo mtu, kabla hajaja kukufunga huyo wa Mbeya.