Kaburi Langu la Bongoyo Liondolewe, Maana Ningali Hai

Msasani, upande wa wavuvi,
Ijumaa baada ya sala, 1953

Kwa Bwana Pembatoni,
Mpangaji wa Matembezi ya Wageni Visiwani na Miji ya Pwani,
Oysterbay.

Bwana Pembatoni,

Natanguliza heshima, na heshima ikishakaa vizuri kitini nitaleta maneno yenyewe.

Anayekuandikia ni mie Kondo wa Msasani, nahodha wa manahodha. Kutoka Lamu mpaka Kilwa hakuna kisiwa ambacho sijakikanyaga, na papa wa Mafia wakiniona huniamkia shikamoo.

Nimeyasoma hayo tena, na naona barua ya malalamiko haipendezi kuanza na uongo. Lamu sijafika. Kilwa nilifika mara moja, nimelala ndani ya mashua natapika, na nilipoinua kichwa tulikuwa tumesharudi. Unahodha wenyewe ni wa ngalawa ya shemeji yangu, siku ambazo yeye hayupo. Lakini Bongoyo, Bwana, hiyo ni yangu. Huko kisiwani ndiko nilikowatembeza wageni wako tangu ulipoanza kazi hii, nikiwachomea samaki aina ya changu na kuwasimulia habari za masultani, nyingine za kweli. Mwandiko uniwie radhi. Nilisoma wakati wa Mdachi, darasa la kwanza na la pili. La tatu nililionea dirishani.

Sasa shauri langu. Ni dogo tu. Mie si maiti.

Mwezi uliopita mguu ulinivimba, nikaenda Mbagala kwa dada yangu kujiuguza. Wageni wangu nikamwachia karani wako Wilbert, yule Mnyamwezi wa Tabora mwenye suruali yenye mkunjo. Niliporudi nikakuta nimeshakufa, nimeshazikwa Bongoyo, na wageni wanaletwa kwa mashua ya mota kuniona.

Sijui kama kwenu Ulaya mna utani. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, babu zetu wakawauzia maji ya bahari wakisema ni dawa ya uchovu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe na kukamata kuku wako mchana kweupe. Ukifa, yeye ndiye anayerukaruka mbele ya jeneza akiigiza ulivyokuwa unatembea, na waliofiwa hucheka kwa lazima. Sheria kubwa ni moja tu: anayekasirika ameshindwa. Kwa hiyo naomba ieleweke kwamba sikukasirika. Ninalalamika huku nacheka. Mke wangu Binti Pazi ni shahidi, ingawa yeye anasema si kicheko, ni jino linaniuma.

Basi Wilbert amenifanyia utani wa msiba kabla ya msiba. Hilo ni haki yake. Ubaya ni kwamba wewe na wageni mmeuamini. Malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Kaburi lenyewe ni jiko langu. Zile ni mafiga na mawe niliyoyarundika mwenyewe ili kaa wasichimbe majivu. Wilbert ameyafunika kitambaa cheupe na kuwasha ubani. Mgeni akiinama kwa heshima, anainamia mahali nilipounguza pweza.

2. Kaburi ni fupi. Mie ni mtu mrefu. Anayelitazama atadhani Kondo alikuwa mbilikimo, au alizikwa amechuchumaa.

3. Umeagiza kibao kwa Leodegar, seremala wa Keko, kimeandikwa HAPA AMELALA MZEE KONDO, NAHODHA WA MANAHODHA. Kuhusu neno la kulala nalalamika. Kuhusu maneno yanayofuata sina neno, hayo yaache. Leodegar pia ametengeneza benchi la kukalia wenye huzuni, na ni zuri kuliko kiti chochote nilichopata kukalia nikiwa hai.

4. Wageni huacha vitu kaburini: biskuti, tumbaku, juzi kopo zima la maziwa. Vyote anakula Wilbert. Nilipomuuliza akanijibu, "Mzee, chakula cha matanga mtani ndiye hula kwanza. Nawe marehemu, tangu lini marehemu akatafuna biskuti?" Kwa mila yetu hakukosea. Ndiyo maana naleta kwako, ambaye mila hizo huzijui.

5. La tano nimelisahau. Nikilikumbuka nitalileta kwa mguu, ule usiovimba.

6. Habari zimefika nyumbani. Hilal, mwenye duka la pale kona, alikuja kumpa pole Binti Pazi. Alikuja baada ya chai, akakaa mpaka adhuhuri, na pole yake ilianza kunukia posa. Mie nilikuwepo hapohapo namenya muhogo! Nikamwambia, "Hilal, mie huyu hapa." Akasema, "Naam, Mwenyezi Mungu akulaze pema," akaendelea. Naye mke wangu badala ya kumfukuza akaniuliza mie eda yake inaanza lini, maana akikaa eda hatapika, hatateka maji, na hatafua kanzu ya mtu yeyote. Tangu siku hiyo kila nikiomba chai ananiambia nisimvurugie eda.

7. Hili ndilo zito, na hapa kicheko changu kinapungua kidogo. Wageni wangu wamekwisha. Zamani walikuwa wakiteremka ufukweni wanauliza, "Kondo yuko wapi?" Sasa wanaambiwa yuko wapi. Wiki iliyopita nilimfuata mgeni mmoja, nikamshika mkono, nikamwambia mie ndiye Kondo, njoo nikutembeze. Akapiga yowe akarudi garini. Bwana, mie shamba sina, nyavu sina, na kuvua sijui, maana samaki wote niliowachomea wageni nilipewa na shemeji. Ninachojua ni kumshika mtu mkono, kumwonyesha kisiwa, na kumfanya arudi kwao akikitamani. Nikinyang'anywa hicho, Wilbert atakuwa amesema kweli.

8. Wewe mwenyewe ulikuja na wageni kaburini. Siku hiyo nilikuwepo nyuma ya kichaka, kwa shughuli ambayo mtu haitangazi. Nikasikia unawaambia watu wa mashua, "Kondo alikuwa mtu mkweli." Kwa neno hilo nilikaribia kufa kabisa. Nikajiuliza, nitoke? Nikasema ngoja kwanza amalize, maana kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja neno tamu ulilowahi kuniambia ni "Haraka, Kondo." Kisha nikamsikia Wilbert anasema, "Vueni kofia wote, Bwana ameshavua yake." Kofia yako sikuiona ikivuliwa. Nilikuwa nimeinama.

Kwa sababu hizo naomba mambo yafuatayo. Nipewe waraka wenye muhuri unaosema Kondo yu hai. Kama muhuri wa watu hai hauna wino, basi Wilbert anifufue mbele ya wageni walewale, kwa sauti ileile aliyonizikia. Na kama kufufuka hakumo katika ratiba yako ya matembezi, basi nifanyiwe arobaini yangu kwa ukamilifu, ng'ombe na pilau, nami nikae kwenye mkeka wa wafiwa, kwani hakuna aliyefiwa na Kondo kuliko mie.

Nisalimie Bibi, watoto, na mpishi wako Albano, umwambie chumvi yake bado ni nyingi. Msalimie mbwa wako, wa pekee hapo kwako aliyenikaribisha kama mtu hai nilipopita mlangoni. Msalimie na Wilbert, ambaye najua anafungua barua zako kabla hujazifungua. Wilbert, mtani wangu, soma polepole, usijilize.

Ni mie, mtumishi wako aliye bado juu ya ardhi,

Kondo

Nyongeza, iliyoandikwa Jumapili kabla sijapata mtu wa kuileta barua:

Bwana, yote niliyoandika huko juu usiyafanye.

Jana nilikwenda Bongoyo na ngalawa ya shemeji, nia yangu nibomoe kaburi nichome samaki. Mara mashua yako ikafika na wageni wa Nairobi, wale wenye Kiswahili cha kuagizia chai. Wilbert alikuwa amelala sakafuni mwa mashua, kijani kama jani la mpapai. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo, na huko Tabora hawana kitu cha namna hiyo. Wageni wakasimama mbele ya jiko langu, hawana wa kuwaeleza kitu.

Nikajikuta nimevua kofia yangu, nimefuta macho, nimewaambia mie ni ndugu yake marehemu. Wallahi, sijapata kusimulia vizuri namna ile! Niliwaambia jinsi Kondo alivyopigana na papa, jinsi Sultani alivyomwita Unguja akakataa kwenda kwa sababu alikuwa na miadi na wageni. Yakanitoka machozi ya kweli, maana alikuwa mtu mzuri sana. Bibi mmoja mwenye kofia ya maua akanikalisha kwenye benchi la Leodegar akanishika mkono.

Ndipo Wilbert akainua kichwa juu ya ubavu wa mashua, akapiga kelele: "Mwongo huyo! Hana ndugu! Marehemu ndiye yeye mwenyewe!"

Wageni waligeuka wakamtazama kama mtu aliyetukana mazishini. Yule bibi akamwambia, "Wewe, nyamaza, kuna msiba hapa." Wilbert akapiga ngumi mashua, akaapa, akamwita mama yake. Alikasirika, Bwana! Mbele ya mashahidi! Nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi, sijakunja hata uso.

Wageni hao wanataka ndugu yake marehemu awatembeze Bagamoyo wiki ijayo, na Kilwa baadaye. Kwa hiyo kaburi libaki, kibao kibaki, na waraka wa uhai usiniletee, utaniharibia kazi. Binti Pazi ameshaambiwa. Anasema kwa shemeji yake, ndugu wa marehemu, chai anaweza kupika.

Limebaki jambo moja. Unakumbuka siku nilipokubeba mgongoni kwenye tope la Msasani, viatu vyako vipya visiloe, ukasema, "Kondo, iko siku nami nitakufanyia neno"? Siku imefika. Jumamosi ijayo uje Bongoyo, usimame pale kaburini, uivue ile kofia mara moja tena, taratibu.

Safari hii nitakuwa mbele ya kichaka.